Manowari ya Bomba Tatu: Vita vya Bahari Vilivyoishia Mabegani mwa Watu

Kamati ya jarida letu imeniomba makala ya historia na kuniachia uhuru wa kuchagua jambo la kuandika. Nimechagua vita vya majini katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, 1914 hadi 1918. Najua wapo watakaouliza: sisi na manowari, wapi na wapi? Darasani tulisoma habari za Jutland, ambako merikebu za Waingereza na Wajerumani zilipambana tarehe 31 Mei na 1 Juni, 1916. Tukajibu mtihani, tukafaulu, tukasahau. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba vita hivyo vya bahari vilifika kwetu, vikaingia hadi ndani ya mikoko ya Rufiji na kwenye maji ya Ziwa Tanganyika, na kwamba sehemu kubwa ya gharama yake ililipwa na watu ambao wengi wao hawakupata kuiona bahari maishani mwao.

KAZI YA JESHI LA MAJI

Watu wengi hudhani kwamba kazi ya manowari ni kuzamisha manowari nyingine. Hiyo ni sehemu ndogo tu ya kazi. Kazi kubwa ya jeshi la maji ni kulinda njia, ili shehena za upande wake zipite na za adui zisipite. Tufanye hesabu ndogo ya darasani. Tuseme mtu mmoja anachukua mzigo wa kilo 25. Meli ndogo yenye shehena ya tani 1,000 imebeba mizigo 40,000 ya namna hiyo, nayo hutembea usiku na mchana bila kusimama kulala. Sasa tuseme mchukuzi wetu amebeba chakula, na kila siku anakula kilo moja katika mzigo huohuo. Akienda mwendo wa siku 10 na kurudi siku 10, amekula kilo 20. Askari aliyeko mbele amepata kilo 5 tu. Mwenye bahari hupigana kwa tani. Asiye na bahari hupigana kwa kilo.

Uingereza mwaka 1914 ilikuwa na jeshi la maji kubwa kuliko yote duniani, na ililitumia kuifungia Ujerumani njia za bahari. Ujerumani ikajibu kwa nyambizi, na mwezi Februari 1917 ikatangaza kuwa nyambizi zake zitazamisha meli yoyote bila onyo, jambo lililochangia sana kuiingiza Marekani vitani mwezi Aprili mwaka huohuo. Lakini kabla ya hayo, katika miezi ya mwanzo, Ujerumani ilikuwa na manowari chache zilizokuwa mbali na kwao, zikivizia meli za biashara. Moja ni Emden, iliyoisumbua Bahari ya Hindi hadi ilipoangamizwa na manowari ya Australia iitwayo Sydney, karibu na visiwa vya Cocos, tarehe 9 Novemba, 1914. Nyingine ni Königsberg, ambayo ndiyo habari yetu.

MANOWARI ISIYO NA NYUMBA

Königsberg ilifika Dar es Salaam mwezi Juni 1914. Ilikuwa na mizinga 10 ya milimita 105, mabaharia zaidi ya 300, na nahodha wake aliitwa Max Looff. Inasimuliwa kwamba wenyeji wa pwani, walipoona mabomba yake matatu ya moshi, waliiita "manowari na bomba tatu." Tarehe 31 Julai, vita vikinukia, iling'oa nanga. Nje ya bandari ilikutana na manowari za Kiingereza zilizotumwa kuichunga, lakini zilikuwa za kizamani na mwendo wake mdogo, nayo ikaziacha gizani.

Tarehe 6 Agosti, siku mbili tu baada ya Uingereza kuingia vitani, Königsberg iliiteka meli ya Kiingereza City of Winchester karibu na pwani ya Omani, ikiwa na shehena kubwa ya chai. Chai haikuwa na faida kwa Looff. Alichokitaka ni makaa ya mawe, naye aliyachukua yaliyokuwamo kabla ya kuizamisha meli hiyo.

Wazee wetu husema, ukiona vyaelea, vimeundwa. Kwa manowari za zama zile yafaa tuongeze: na vikishaundwa, hulishwa. Meli ya mvuke ilikula makaa kila saa, hata ikiwa imetulia lakini tayari kuondoka. Waingereza walikuwa na vituo vya makaa kila pembe ya bahari. Mjerumani hakuwa na kituo cha uhakika njia nzima. Mizinga 10 haikumsaidia kitu bila ya makaa.

Mbaya zaidi, hata nyumbani kulikuwa kumefungwa. Tarehe 8 Agosti manowari ya Kiingereza Astraea iliupiga mizinga mtambo wa simu ya upepo wa Dar es Salaam. Wajerumani, wakihofu adui kuingia, walizamisha wenyewe gati lao lielealo kwenye mlango wa bandari. Hivyo Königsberg haikuwa na pa kurudi, na mwanzoni mwa Septemba ikajificha kwenye delta ya Rufiji. Delta hiyo ina milango mingi, mikondo inayopindapinda, na mikoko iliyosongamana. Wageni walidhani meli kubwa haiwezi kupita humo, lakini Wajerumani walikuwa wameipima mapema na kujua kina chake.

ALFAJIRI YA ZANZIBAR

Haikukaa huko muda mrefu. Looff alipata habari kwamba manowari moja ya Kiingereza imetia nanga Zanzibar. Ilikuwa Pegasus, iliyokuwa imezima mitambo ili itengenezwe. Alfajiri ya tarehe 20 Septemba, 1914, siku ya Jumapili, wakazi wa mji walizinduliwa na ngurumo za mizinga. Mizinga ya Pegasus haikuweza hata kumfikia adui. Kwa muda mfupi meli iliharibika vibaya, ikazama baadaye siku hiyo, na mabaharia zaidi ya 30 wakafa. Waliokufa walizikwa kwenye kisiwa cha Chapwani, mbele ya mji wa Zanzibar.

Ushindi ule ulikuwa wa kwanza na wa mwisho. Mtambo mkubwa wa Königsberg ulivunjika, na ikabidi kurudi Rufiji. Vyuma vilivyovunjika vilifunguliwa, vikakokotwa na watu kwa njia ya nchi kavu hadi kwenye karakana za Dar es Salaam, vikatengenezwa, kisha vikakokotwa tena kurudi. Hapa ndipo wananchi wanapoanza kuingia katika habari hii ya bahari. Nahodha ana jina, manowari ina jina, mtambo una jina. Waliovuta kamba hawana.

MIEZI MINANE YA RUFIJI

Tarehe 30 Oktoba manowari ya Kiingereza Chatham iliigundua Königsberg ndani ya delta, ikiwa imefunikwa matawi ili ifanane na msitu. Kuigundua ni jambo moja, kuifikia ni jambo jingine. Manowari kubwa za Kiingereza hazikuweza kuingia kwa sababu ya kina kidogo, na kutoka baharini mizinga yake haikufika. Tarehe 10 Novemba Waingereza waliizamisha meli yao wenyewe, Newbridge, kwenye mlango mmoja wa delta ili kuuziba. Lakini milango ilikuwa mingi. Wakaleta ndege ya kutua majini kutoka Afrika Kusini ili wachungulie kutoka juu. Mwezi Januari 1915 wakakiteka kisiwa cha Mafia na kukifanya kituo chao, hata kiwanja cha ndege wakakijenga huko.

Yafaa msomaji kijana atue hapa na kutafakari. Manowari moja, iliyoharibika, isiyo na makaa, yenye wagonjwa wengi wa homa, ilizishikilia manowari kadhaa za taifa lenye nguvu kuliko yote baharini kwa zaidi ya miezi minane. Manowari hizo zingekuwa zikisindikiza meli za askari kutoka India na Australia. Kwa hiyo chombo kisichotembea kinaweza pia kuwa silaha, mradi adui hana hakika kwamba hakitatoka.

Hatimaye Waingereza walileta vyombo viwili, Severn na Mersey, vilivyokuwa vimeundwa kwa ajili ya mito ya Brazil. Vilihitaji kina cha maji kisichofika mita 2. Vilivutwa kwa kamba na meli nyingine kutoka Malta, kupitia mfereji wa Suez, hadi Mafia. Tarehe 6 Julai, 1915 viliingia mtoni, vikapigana kutwa, na Mersey ikarudi imejeruhiwa. Tarehe 11 Julai vilirudi tena, safari hii ndege ikizunguka juu na kuwaelekeza wapiga mizinga makombora yao yanaangukia wapi. Königsberg ilipigwa, ikawaka moto, na Looff, naye akiwa amejeruhiwa, akaamuru ilipuliwe na kuachwa kwenye tope.

MIZINGA YAPANDA NCHI KAVU

Kwa kawaida vitabu vya mambo ya majini hufunga ukurasa hapo. Kwetu sisi ndipo unapofunguka. Wajerumani waliitoa mizinga yote 10 kutoka kwenye tope. Ilikokotwa hadi Dar es Salaam, ikaundiwa magurudumu, na kuanzia hapo ikawa mizinga mikubwa ya jeshi la nchi kavu la von Lettow-Vorbeck. Mzinga wa manowari umekusudiwa kukaa juu ya sitaha ya chuma na kuchukuliwa na mvuke. Ukiuteremsha barani, mvuke wake ni pumzi za watu. Ilivutwa hivyo kupita mito, vilima na matope ya masika, mmoja mmoja ikiharibiwa au kutekwa, hadi mwaka 1917. Mmoja umewekwa nje ya Fort Jesus, Mombasa. Mwingine uko Pretoria. Ndugu msomaji ukipita Mombasa, usiangalie mdomo wa mzinga peke yake. Jaribu kukisia uzito wake, kisha ujiulize wewe na wenzako darasani mngeweza kuusogeza hatua ngapi.

Bahari nayo iliendelea kufungwa. Meli mbili tu kutoka Ujerumani zilifanikiwa kupenya hadi pwani yetu. Ya kwanza ilikuwa Rubens, iliyojifanya meli ya Denmark, ikafika ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga, mwezi Aprili 1915. Ilikuwa na makaa kwa ajili ya Königsberg. Manowari Hyacinth iliipiga hadi ikawaka, na Waingereza wakaondoka wakiamini kazi imekwisha. Makaa hayakuifikia Königsberg, lakini bunduki na risasi nyingi ziliopolewa, na risasi zilizolowa zikafunguliwa na kukaushwa. Ya pili ilikuwa Marie, iliyoingia ghuba ya Sudi, kusini, mwezi Machi 1916. Sudi haikuwa na reli. Shehena yote iliondoka pale mabegani na vichwani mwa wachukuzi. Ile hesabu yetu ya mizigo 40,000 sasa inapata miguu.

Mwezi Novemba 1917 Wajerumani walijaribu hata njia ya angani: walituma chombo kikubwa cha hewa, L 59, kutoka Bulgaria, kilichojaa dawa na risasi. Kilifika juu ya Sudan, kisha kikaamriwa kurudi. Baada ya hapo hawakujaribu tena.

VITA VYA MAZIWA

Ziwa Tanganyika lilikuwa na bahari yake ndogo. Wajerumani walikuwa na meli za Hedwig von Wissmann na Kingani, na mwaka 1915 wakaongeza Graf von Götzen, iliyoundwa Papenburg, Ujerumani, ikafunguliwa vipande, na kuletwa Kigoma kupitia Dar es Salaam. Juu yake waliuweka mzinga mmoja wa Königsberg. Mwenye ziwa ndiye aliyeamua askari wa nani wavuke kutoka Kongo na wa nani wasivuke.

Waingereza wakaleta mashua mbili za mtambo, Mimi na Toutou, chini ya Spicer-Simson. Zilitoka Uingereza hadi Cape Town kwa meli, zikapanda reli hadi Fungurume katika Kongo, kisha zikavutwa juu ya milima ya Mitumba kwa magari ya mvuke, kwa ng'ombe na kwa watu. Barabara ilifyekwa na Wakongo, na madaraja wakayajenga. Tarehe 26 Desemba, 1915 mashua hizo ziliiteka Kingani, na tarehe 9 Februari, 1916 Hedwig von Wissmann ikazamishwa. Mwezi Julai 1916 Wajerumani walipoondoka Kigoma waliizamisha wenyewe Graf von Götzen. Baada ya vita iliopolewa, na mwaka 1927 ikaanza kazi upya kwa jina la Liemba, ikawachukua abiria wa ziwa hilo kwa miongo mingi, hata baada ya Uhuru. Wengi waliosafiri ndani yake na magunia yao ya dagaa hawakujua kwamba walikuwa wamekaa juu ya manowari.

DENI

Je, jeshi la maji lilishinda vita vya Afrika Mashariki? Lilifunga mlango. Kwa kuwa mlango ulifungwa, Wajerumani hawakupata askari wapya, wala mizinga mipya zaidi ya ile iliyopenya, na ilibidi wajitengenezee vitu hata dawa za homa kwa magome ya miti ya Amani. Lakini kufunga mlango si kumtoa mtu ndani ya nyumba. Von Lettow-Vorbeck aliweka silaha chini tarehe 25 Novemba, 1918, huko Abercorn, ambayo leo ni Mbala, wiki mbili baada ya vita kwisha Ulaya.

Aidha, hata Waingereza wenye bahari walijikuta katika hesabu ileile ya kilo 25. Meli zao ziliweza kumwaga mchele Dar es Salaam, Kilwa na Lindi. Mbali na reli, mbung'o waliua farasi, nyumbu na ng'ombe. Kilichobaki kilikuwa mtu. Watu wapatao milioni moja walichukuliwa kwa upande wa Waingereza peke yake, kutoka Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na kwingineko. Wachache kwa hiari, walio wengi kwa nguvu. Idadi ya waliokufa kati yao hukadiriwa na wanahistoria kukaribia 100,000. Walio wengi hawakuuawa na risasi. Waliuawa na kuhara damu, homa, baridi, na chakula wasichokizoea. Upande wa Wajerumani wachukuzi hawakuandikwa hata kwa kiwango hicho. Jina la jeshi hilo la wachukuzi ndilo tunalolitamka kila siku tuendapo sokoni: Kariakoo ya Dar es Salaam, na Kariokor ya Nairobi.

Sasa tulinganishe. Mabaharia wa Pegasus waliandikiwa makaburi yao Chapwani. Hilo ni jambo la haki, nao walikuwa watoto wa watu. Lakini mwaka 2021 Tume ya Madola ya Makaburi ya Vita ilitoa taarifa ikikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda hadi 350,000, wengi wao kutoka Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina yao au hawakukumbukwa kabisa. Serikali ya Uingereza iliomba radhi bungeni mwezi Aprili mwaka huo. Imechukua zaidi ya miaka mia moja kusema hivyo. Mimi ni mtumishi wa serikali, nami najua thamani ya daftari la majina. Mtu asiyeandikwa hana mshahara, hana kiinua mgongo, na mjane wake hana pa kwenda kudai.

Katika ukoo wetu yuko mmoja wa wakati ule ambaye habari zake ni maneno manne tu: alichukuliwa kubeba mizigo, hakurudi. Nina hakika wako wahitimu wenzangu wengi wenye habari fupi kama hiyo, na wanafunzi ambao bibi au babu zao bado wanaikumbuka kwa kusimuliwa. Kila mwaka inazidi kufupika.

Kwa hiyo natoa ombi. Chama chetu kifungue daftari katika maktaba ya shule. Kila mhitimu na kila mwanafunzi aulize nyumbani, kisha aandike kile kinachojulikana: jina la mtu, kijiji chake, alichukuliwa na upande gani, alionekana mara ya mwisho wapi. Kama jina halijulikani, iandikwe hivyo hivyo, mtoto wa fulani wa kijiji fulani. Klabu ya Historia ya shule ilitunze daftari hilo. Mimi nitalinunua na kulileta siku ya mkutano wetu mkuu, na mstari wa kwanza nitaujaza mwenyewe.